Nani Aliyeridhia Kuonekana? Mapenzi ya jinsia moja katika sanaa ya Afrika, yakipimwa kutoka pwani ya Kilwa

Mkanganyiko wenyewe

Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, ikisema vinapingana na mila, desturi na maadili ya nchi. Miongoni mwavyo vilikuwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, ambavyo watoto wengi wa mijini walikuwa wakivisoma kama hadithi za kuchekesha. Miezi mitatu baadaye Rais Yoweri Museveni wa Uganda akatia saini sheria mpya dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, ambayo pamoja na adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa iliweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa kosa la kuyahamasisha. Mjadala ukaenea misikitini, makanisani, vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp, na kadiri ulivyoenea ndivyo ulivyozidi kuchanganya. Msomaji wa Kilwa Masoko, Lindi mjini au Kikole aliyetaka tu kujua filamu fulani ina kosa gani hakupata jibu, kwa sababu maswali matatu yalikuwa yakijibiwa kwa pamoja kana kwamba ni moja: je, kitendo ni kosa kisheria? Je, kukionyesha katika sanaa ni sawa na kukitenda au kukihubiri? Na je, kazi iliyolipiwa na taasisi ya Ulaya inaweza kuwa ya kwetu?

Swali la kwanza jibu lake liko wazi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara kinatoa kifungo kuanzia miaka 30 hadi maisha, na Zanzibar ilitunga masharti yake mwaka 2004. Msingi wa kifungu hicho ni urithi wa utawala wa Kiingereza, lakini ukali wake wa leo umetoka katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyopitishwa na bunge letu wenyewe. Kila upande wa mjadala hupenda kukumbuka nusu moja tu ya ukweli huo. Makala haya yanashughulikia maswali mawili yaliyobaki, na hoja nitakayoitetea ni kwamba suala zima la kuonekana limewekwa vibaya. Sanaa ya mwambao imewaonyesha wapenzi wa jinsia moja kwa muda mrefu, lakini imewaonyesha kama kichekesho au balaa, na haikuwauliza. Filamu, picha na sanamu za leo zimewapa sura kamili zaidi, lakini mara nyingi zimewaachia wao mzigo wa hatari. Kwa hiyo vipimo vya maana ni viwili: anayeonyeshwa ameridhia kiasi gani, na ameonyeshwa kama mtu kamili kiasi gani.

Tulivyoonyesha siku zote

Kikole ni kijiji cha wilaya ya Kilwa kilichoingia katika historia ya misitu. Mwaka 2009, pamoja na kijiji cha Kisangi, kilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi wa misitu, na viwili hivyo vikawa vya kwanza barani Afrika kupata cheti hicho kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mali kubwa ya msitu huo ni mpingo, mti unaotafutwa na watengeneza klarineti wa Ulaya, na ndio huohuo uliowapa riziki wachongaji wa Kimakonde waliovuka Ruvuma na kushuka hadi Dar es Salaam. Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa, akiuza kazi zake kwa mfanyabiashara Mohamed Peera, alianzisha mtindo wa shetani: viumbe waliopindapinda, wenye maungo ya mtu na ya mnyama, wakati mwingine ya kike na ya kiume katika kiwiliwili kimoja. George Lilanga, mzaliwa wa Masasi aliyefariki mwaka 2005, aliyahamishia mashetani hayo kwenye rangi na kuyafikisha kwenye makumbusho ya nje. Sanamu hizo zimeuzwa kwa miongo mingi pale Mwenge, Dar es Salaam, na jinsia yake haikuwa kesi ya mtu.

Barakoa za ngoma ya mapiko hazichongwi kwa mpingo, maana mpingo ni mzito mno kuchezewa. Huchongwa kwa mti mwepesi, na mojawapo ya barakoa hizo ni iitwayo ndimu, ya kiwiliwili: kifua cha mwanamke kijana, maziwa yaliyochongoka, tumbo la mimba lenye kitovu kilichotokeza, na mistari ya chale iliyonakshiwa juu yake. Anayeivaa ni mwanamume. Huifunga mbele ya mwili wake, hufunika uso, kisha hucheza mbele ya wazee, wanawake na wari waliotoka jandoni akiigiza mwendo wa mjamzito. Sidai kwamba ngoma hii ni ushahidi wa mapenzi ya jinsia moja. Haihusiani nayo, na anayeitumia hivyo anawapotosha wenye ngoma yao. Inachoonyesha ni jambo dogo zaidi lakini la msingi katika mjadala huu, nalo ni kwamba hadhira ya Kusini imezoea kwa vizazi kutenganisha mwili wa mchezaji na mwili anaouigiza. Hadhira hiyo haihitaji kufundishwa kwamba kuigiza si kuhubiri.

Pwani ina njia nyingine ya kuonyesha bila kutaja, na hiyo ni kanga na taarabu. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina lile husema kwa niaba ya aliyeivaa neno ambalo mdomo wake haukulitamka, huku akibaki na nafasi ya kukana kwamba alimlenga mtu. Katika ukumbi wa taarabu mambo ni hivyohivyo. Mwimbaji anaimba maneno ya jumla ya mapenzi, wivu au usaliti, kisha mtu anainuka katikati ya ubeti mmoja mahsusi, anakwenda mbele akicheza polepole na noti mkononi, anatunza na kurudi. Kwa kuchagua ubeti ule ameufanya kuwa wake, na wote waliomo ukumbini wanaojua habari zake wameelewa. Ambao hawakujua hawakuambiwa. Waliokuwa na mapenzi yasiyotajika walipata humo mahali pa kusemea, wakiamua wenyewe wakati wa kuinuka na wakati wa kukaa. Kwangu hili ndilo jambo la thamani zaidi katika urithi huu, na nitalirudia mbele.

Lakini urithi huo una upande wa giza ambao wanaousifu hawautaji. Pale ambapo sanaa na masimulizi ya pwani yamewasema watu hawa waziwazi, yamewasema kwa namna mbili tu. Ya kwanza ni kichekesho: mwanamume anayerembua macho na kulegeza mkono katika vichekesho vya televisheni na filamu za Bongo, aliyewekwa pale achekwe kisha atoweke. Ya pili ni balaa. Mwaka 1995 Unguja na Pemba zilitikiswa na habari za Popobawa, jini aliyesemekana kuwaingilia wanaume usiku, na watu wakalala nje wakikesha kwa hofu. Mtafiti Katrina Daly Thompson, aliyeandika kitabu kizima juu ya masimulizi hayo, ameonyesha jinsi mazungumzo ya jini yalivyowapa watu ruhusa ya kusema mambo ambayo kwa kawaida hayasemwi hadharani. Ni kweli, lakini ruhusa hiyo ilihusu ukatili tu. Hata riwaya za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, zinapogusa tamaa ya mwanamume kwa mwanamume, aghalabu huigusa kupitia unyonyaji. Katika Paradise, Yusuf ni kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, na mnyapara wa msafara ana sifa mbaya inayomtangulia. Gurnah anasema kweli juu ya mamlaka na unyonge, na hilo ni jukumu zito alilolitimiza. Pengo ni kwamba karibu hakuna kingine kando yake. Katika Kiswahili cha hadharani, watu wawili wa jinsia moja wanaopendana tu, wanaogombana juu ya kodi ya nyumba na kupatana, ni nadra mno kuwakuta.

Kwa nini jambo limelipuka sasa

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi: kamera imekuwa rahisi na simu imefika kila kijiji, hivyo kazi iliyoonyeshwa Nairobi au Cape Town inafika Nangurukuru siku ileile. Ya pili ni mfumo wa fedha. Serikali zetu hutenga kidogo kwa sanaa, hivyo msanii huelekea kwenye vituo vya utamaduni vya kigeni na matamasha ya Ulaya, na matamasha hayo yana hamu kubwa na mada hii. Ya tatu ni siasa. Kiongozi anayetaka kuonekana mlinzi wa maadili hapati adui mwepesi kuliko kundi ambalo haliwezi kujibu bila kujiweka hatarini. Mwishowe kuna vyombo vya ukaguzi vilivyorithi mantiki ya zamani. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani ya Kenya ni ya mwaka 1962, ya Tanzania ni ya mwaka 1976, na zote zilitungwa kwa dunia ambamo filamu ilihitaji ukumbi na leseni.

Kisa cha filamu ya Rafiki kinaonyesha sababu zote zikikutana. Mwongozaji Wanuri Kahiu aliitengeneza kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ni habari ya Kena na Ziki, wasichana wawili wa Nairobi, mabinti wa wanasiasa wanaoshindana. Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku, na Mei ya mwaka huohuo ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliruhusu ionyeshwe kwa watu wazima kwa siku saba, na tiketi zikaisha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikauidhinisha uamuzi wa bodi. Katika vurugu hizo zote kilichonishughulisha zaidi ni sharti ambalo Kahiu ameeleza kwamba bodi ilimpa: abadilishe mwisho wa filamu. Mwisho wenyewe ni mpole kupita kiasi, watu wawili wanaokutana tena baada ya miaka, mkono ukigusa bega. Ina maana bodi ingeweza kuvumilia wasichana hao wapendane, wapigwe na kutenganishwa, ilimradi wamalize kwa majuto. Tatizo lilikuwa matumaini yao. Hapo ndipo inapoonekana kwamba ugomvi haukuwa juu ya kuonekana kwenyewe, bali juu ya sura waliyoruhusiwa kuonekana nayo.

Wanaosema hizi ni zana za watu wa nje

Msimamo huu usidharauliwe. Una hoja tatu za kweli. Ya kwanza, fedha huelekeza macho. Msanii anayejua kwamba mada fulani hufungua milango Berlin au Toronto anaweza kuifuata hata kama hana la kusema juu yake, na mtazamaji wa nyumbani hulihisi hilo. Ya pili, kazi nyingi hukamilika, hutuzwa na kuhifadhiwa nje bila kupita mikononi mwa watu zinaowahusu, na mtu akilalamika kwamba ametazamwa na wageni kabla ya majirani zake, ana haki. Ya tatu ni ya dini, nayo ni nzito kwenye pwani yetu. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwasifu wenyeji wake kwa uchaji, na mtu wa leo wa Kilwa Kivinje anayesema imani yake inakikataza kitendo hiki anasema jambo analolimaanisha. Hakuna mchambuzi mwenye haki ya kumwambia ameazima imani hiyo kwa wengine.

Udhaifu wa msimamo huu uko katika hatua inayofuata, pale unapotoka kwenye fedha na kuhukumu umiliki. Kama mnunuzi wa nje angekuwa anafuta umiliki, basi shetani la Kimakonde si letu, kwa kuwa mtindo ule ulikua kwa soko la wageni tangu siku ya kwanza. Cheti cha msitu wa Kikole kimewekewa masharti na shirika lenye makao nje, na bado hakuna anayesema kwamba mpingo ule umekuwa wa Wazungu. Tunaelewa vizuri sana kwamba kitu kinaweza kuuzwa nje na kubaki chetu. Tunasahau tu tukifika kwenye mada hii.

Zaidi ya hayo, shutuma yenyewe ina historia ya kutumika kama silaha ya kigeni katika ardhi hii. Albrecht von Rechenberg alichukua ugavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1906, wakati majeraha ya Vita vya Maji Maji vilivyoanzia milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, yangali mabichi. Walowezi hawakuipenda sera yake ya kuwapa wakulima Waafrika nafasi katika uchumi, na mhariri wa gazeti lao la Dar es Salaam akamtuhumu kuwa na uhusiano wa kimapenzi na watumishi wake wanaume. Kesi za mwaka 1910 ziliwafikisha Waafrika mahakamani kutoa ushahidi katika ugomvi wa watu wengine, na maisha yao ya faragha yakawa karatasi za siasa za Berlin. Anayesema mada hii imeletwa na Wazungu anasema kweli kwa namna asiyoikusudia: ile desturi ya kumfedhehesha mtu hadharani kwa jina la maadili nayo ilikuja na magazeti yao.

Wanaosema kuonekana ni ukombozi

Upande wa pili unasema asiyeonekana hawezi kudai haki, na sanaa ndiyo njia ya kumpa sura. Mfano wake mkubwa ni Zanele Muholi wa Afrika Kusini, aliyeanza mwaka 2006 mfululizo wa picha uitwao Faces and Phases, wa wanawake weusi wanaopenda wanawake pamoja na watu waliobadili jinsia, kila mmoja akiitazama kamera moja kwa moja. Nguvu ya kazi hiyo ni uvumilivu wake. Kwa miaka mingi picha zimeongezeka hadi mamia, baadhi ya waliopigwa wamefariki, wengine wamerudi kupigwa tena wakiwa wamezeeka kidogo, na kilichoanza kama maonyesho kimekuwa daftari la kumbukumbu la jamii nzima. Katika ukanda wetu Leilah Babirye, mchongaji aliyezaliwa Kampala, alitangazwa na magazeti ya Uganda bila ridhaa yake, akahamia Marekani na kupewa hifadhi mwaka 2018. Sasa anachonga vichwa vikubwa vya mbao na udongo akivipamba kwa mabaki ya vyuma na baiskeli, na huvipa majina ya koo za Buganda, kama anayewarudisha ukoo watu waliofukuzwa ukoo. Kazi zake zilikuwemo katika maonyesho ya Venice mwaka 2024. Hoja yao inaeleweka: mtu aliyekwisha kuanikwa na adui hana cha kuficha, na kilichobaki ni kuchagua sura yake mwenyewe.

Lakini si wote wamekwisha kuanikwa, na hapo msimamo huu unadhoofika. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lililojiita Rolling Stone lilichapisha majina na picha za watu liliodai ni wapenzi wa jinsia moja, likitaka wanyongwe. Miongoni mwao alikuwa David Kato, ambaye yeye na wenzake walilishtaki na mahakama ikawapa ushindi mwanzoni mwa Januari 2011. Tarehe 26 ya mwezi huohuo aliuawa nyumbani kwake. Ule nao ulikuwa ni kuonekana. Mei 2014, wakati wa tamasha la Dak'Art, maonyesho yaliyohusu mada hii katika kituo cha Raw Material Company mjini Dakar yalishambuliwa na kufungwa mapema. Hata Muholi, katika nchi ambayo katiba yake ya mwaka 1996 inakataza ubaguzi wa aina hii, mwaka 2012 alivunjiwa nyumba na kuibiwa diski zilizobeba kazi ya miaka.

Kwa Tanzania gharama imekuwa ya namna nyingine. Februari 2017 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za ukimwi zilizolenga makundi haya katika vituo 40 vya asasi, baada ya miezi ya kelele za hadharani. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka wapenzi wa jinsia moja na kuwataka wananchi wapeleke majina, hata Wizara ya Mambo ya Nje ikalazimika kutamka kwamba huo ni msimamo wake binafsi. Simlaumu msanii kwa uamuzi wa mwanasiasa. Nasema tu kwamba kelele zinapopanda, msanii mwenye pasi ya kusafiria na mwaliko wa tamasha ana pa kwenda, na kijana wa Kilwa Masoko anayehitaji dawa hana. Anayeutetea mwangaza bila kuhesabu tofauti hiyo anafanya hesabu kwa kutumia mali ya mwenziwe.

Wanaosema tusitiriane

Msimamo wa tatu husikika zaidi pwani kuliko kwingine, na ndio unaoishi kimyakimya katika nyumba nyingi. Unasema: kila mtu ana siri zake, Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi, usiulize usichotaka kuambiwa, na sanaa iendelee na mafumbo yake kama ilivyokuwa. Nguvu yake ni kwamba umewalinda watu kwa vitendo. Unao pia msingi wa dini ambao wapiga kelele wameusahau, kwani Sura ya Hujurat inakataza kupelelezana, na kikosi kinachoomba majina kwa umma kinakwenda kinyume na adabu hiyo kabla hata hatujafika kwenye swali la haki za binadamu.

Stara inahusu pia siri za jamii. Filamu ya Inxeba ya mwaka 2017, inayowafuata wanaume wawili wanaopendana ndani ya kambi ya jando la Waxhosa, iliwaudhi wazee kwa kuwa ilionyesha mambo ya jandoni, na mwongozaji wake John Trengove ni Mzungu ambaye hakupita huko, ingawa aliiandika pamoja na mwandishi Mxhosa, Thando Mgqolozana. Februari 2018 iliwekwa katika daraja la filamu za ngono na kuondolewa katika kumbi za sinema, na mwezi Juni mahakama ya Pretoria ikaufuta uamuzi huo. Mmwera wa Lindi au Mmakonde wa Newala anaelewa hasira ile bila kuelezwa. Mimi naona wazee walikuwa na hoja juu ya siri ya jando, na waliipoteza pale walipokubali isimamiwe na daraja la ngono, kwa sababu filamu haikuwa ya ngono, na kila aliyeitazama alijua kilichoadhibiwa ni kitu kingine.

Udhaifu mkubwa wa stara ni swali la nani anayeiamua. Mtu akijisitiri mwenyewe, hiyo ni haki yake na heshima yake. Akisitiriwa na wengine kwa masharti, stara inageuka kimya cha kulazimishwa, na kimya hicho ndicho kilichotuachia kichekesho na balaa kama sura mbili pekee. Anayeumizwa ndani ya kimya hana pa kupeleka mashitaka. Kijana anayejitambua akiwa na miaka 17 katika kijiji cha Kilwa hukuta lugha yake ya mama ina maneno ya kumcheka na ya kumwogopa, na habari nyingine zote anazipata kwa Kiingereza kwenye simu. Halafu tunashangaa kwamba jambo hili linaonekana la kigeni.

Kuzipima hoja

Nikizipima kwa vile vipimo viwili, stara inafaulu katika ridhaa pale tu inapoamuliwa na mwenyewe, na inashindwa katika ukamilifu wa mtu. Mwangaza umefanya kazi nzuri katika ukamilifu, na katika ridhaa umekuwa mzembe. Wanaopinga kabisa hawavitumii vipimo hivi, lakini wametukumbusha swali la nani analipa na nani anatazama, na swali hilo linapaswa kubaki mezani. Zipo kazi zilizojaribu kutimiza vyote. Kikundi cha The Nest cha Nairobi kilikusanya masimulizi ya watu kutoka sehemu mbalimbali za Kenya bila kuwataja, kisha Jim Chuchu akayageuza filamu fupi tano zilizounganishwa kwa jina Stories of Our Lives (2014), zikachezwa na waigizaji. Waliosimulia walibaki salama na maisha yao yakaonekana na mapenzi yake, hofu yake na uchovu wake wa kila siku. Bodi iliipiga marufuku na mzalishaji wake George Gachara akakamatwa, lakini angalia hatari ilikwenda kwa nani: kwa watengenezaji waliojua wanachokifanya na waliojitokeza kwa hiari kwenye tamasha la Toronto, na haikwenda kwa mtoa siri wa mji mdogo.

Kawira Mwirichia, msanii wa Kenya aliyefariki mwaka 2020, alikwenda mbali zaidi kwa kutumia chombo chetu wenyewe. Katika maonyesho yake To Revolutionary Type Love, yaliyofanyika Goethe-Institut Nairobi mwaka 2017, alibuni leso, yaani kanga, za kusherehekea mapenzi haya, kila nchi na leso yake, zikiwa na pindo, mji na jina kama leso yoyote. Naiona kazi hiyo kuwa na akili kuliko nyingi zilizopata tuzo, kwa sababu imerudisha uamuzi kwa mvaaji. Leso hainadi sura ya mtu. Inamngoja aivae akitaka, kama yule wa ukumbini anayechagua ubeti wa kuinukia, na inasema upendo badala ya dhihaka.

Pingamizi la kwanza litakalotolewa ni kwamba kuonyesha ni kuhamasisha. Anayelitoa aitazame ndimu, kisha aeleze kwa nini hadhira inayotambua uigizaji katika ngoma yake ipoteze akili hiyo mbele ya filamu. Pingamizi la watoto ni zito zaidi na linastahili jibu la moja kwa moja: uainishaji wa umri upo kwa kazi hiyo, na mzazi ana haki ya kuutegemea. Jaji Okwany alipoiruhusu Rafiki aliwaruhusu watu wazima pekee. Kuchanganya uainishaji na marufuku kunamnyima mzazi zana yake, maana kazi iliyopigwa marufuku huhamia kwenye simu, ambako hakuna anayeuliza umri. Kwa muumini, hakuna anayedai aidhinishe chochote. Anaombwa kubaki na hukumu yake na kuacha hadithi isimuliwe, kama anavyoacha zisimuliwe hadithi za wizi, zinaa na mauaji ambazo taarabu na riwaya zimejaa.

Kuna pia gharama ambayo upande wangu lazima uikubali. Kuitanguliza ridhaa kutachelewesha mambo. Wasanii wengi watachagua fumbo, kazi nyingine hazitafika nje, na mwanaharakati anayehesabu siku za vifungo ataona hii ni subira ya watu wasiofungwa. Sina namna ya kuuondoa uchungu huo. Najua tu kwamba wale walioanikwa bila kuulizwa hawakupata haki haraka zaidi.

Kinachoweza kufanyika sasa hakingoji bunge. Anayefadhili filamu anaweza kuweka ulinzi wa walioshiriki katika bajeti kama anavyoweka taa na usafiri, na kukubali onyesho la kwanza lisifanyike mpaka wao waridhie. Wachapishaji wa Kiswahili wana kazi kubwa zaidi. Paradise ilitoka mwaka 1994 na ikawa Peponi mwaka 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Miaka 28, tena baada ya Nobel. Kama kazi ya mwandishi wa hadhi hiyo ilichelewa hivyo kufika katika lugha ya watu wake, hadithi ya mapenzi ya watu wawili wa pwani itafika tu ikiwa mhariri fulani, Dar es Salaam au Nairobi, ataamua kuipokea katika Kiswahili tangu mwanzo, akimwachia mwandishi achague jina litakaloandikwa jaladani.